Kisamvu cha Mpira

Baba mdogo ana Fuso moja, ekari nne za mahindi na soya, na moyo mwepesi wa kuamini habari njema. Mwaka juzi alitaka kung'oa mihogo ya bibi iliyo nyuma ya nyumba yetu ya Mpitimbi ili apande mpira. Hapa lazima nifafanue, maana Kiswahili chetu kimelitwisha neno hili mizigo mingi: kuna mpira wa kuchezea, mpira wa kumwagilia bustani, mpira unaogawiwa zahanati kwa aibu, na kuna mti ambao utomvu wake ndio ulioleta vyote hivyo. Yeye alimaanisha mti.

Hesabu yake ilianzia kwenye tairi. Mtu anayeendesha Fuso kutoka Mpitimbi kwenda Songea mjini na kurudi, na mara nyingine kushuka hadi Muhukuru kuelekea mpaka wa Msumbiji, hununua tairi kama wenzake wanavyonunua chumvi. Jozi ya mwisho ilimla magunia 20 ya mahindi kwa bei ya shambani. Akajiuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angejiuliza: kitu hiki kinatoka kwenye mti, ardhi tunayo, mvua tunayo, kwa nini tusipande sisi?

Akiwa bado kwenye swali hilo, kijana mmoja akapita kijijini na pikipiki na kishikwambi. Alikuwa na picha za mashamba ya Thailand, miti imesimama mistari kama askari wa gwaride, kila mti umefungiwa kikombe kiunoni. Aliiita dhahabu nyeupe. Miche ingekuja kabla ya mvua za Novemba, ila malipo ya awali yalitakiwa sasa hivi.

Baba mdogo akanipigia simu Dar es Salaam. "Mwanangu, wewe ndiye uliyesomea mambo haya Sokoine. Nifanyie mchanganuo."

Ekari ile ya nyuma ni ya bibi. Ndiyo iliyotulea. Mwaka ambao mnunuzi mmoja wa tumbaku alichelewesha malipo hadi mvua za msimu uliofuata zikaanza, tulikula mihogo asubuhi, mihogo mchana, na jioni ugali wa muhogo kwa kisamvu, na hakuna aliyelala njaa. Nilikuwa kidato cha tatu. Kwa hiyo niliposikia neno "kung'oa" sikulisikia kama mtaalamu wa kilimo. Lakini nilimwahidi mchanganuo, na mchanganuo nikaufanya.

Nilianza kwa kutafuta bei za Singapore, ambako mpira wa dunia hupangiwa bei, nikajikuta nasoma habari za Ungoni.

Kabla ya kuwa zao la mashamba, mpira ulikuwa kitu cha porini. Sote tuliokulia huku tumekula mabungo: ganda gumu la rangi ya chungwa, ndani kokwa zenye nyama chachu inayokukunja uso na bado ukataka nyingine. Ukipasua ganda, utomvu mweupe unakunasa vidole hadi jioni. Mmea wake unaparamia miti mikubwa kama kamba. Ndugu yake wa karibu, ambaye wataalamu humwita Landolphia kirkii, ndiye aliyekuwa anatoa mpira bora wa porini upande huu wa Afrika. John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi la upepo mwaka 1888, zikafuata baiskeli, halafu magari, na kwa ghafla Ulaya na Marekani zikawa na kiu ya utomvu. Pembe za ndovu zilikuwa zinaadimika. Kutoka Donde, Mahenge na huku kwetu kusini, njia zilezile za misafara ya Kilwa na Lindi zikaanza kupitisha mpira. Wajerumani walipoleta kodi ya kibanda mwaka 1898, mpira na nta vilikuwa miongoni mwa vitu vichache ambavyo mtu wa bara angeweza kuviuza akapata rupia ya kumpa mtoza kodi.

Namna ya kuuvuna ilikuwa hivi. Mtu aliuchanja mmea, akapaka utomvu kifuani na mikononi mwake mwenyewe, akausubiri ugande kwa joto la mwili, kisha akaubandua, pamoja na vinyweleo, na kuuviringisha kuwa tufe. Wengine waliugandisha kwa maji ya chumvi au ndimu. Wanunuzi walizipasua tufe katikati kuangalia kama ndani mna jiwe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Akipunjwa kwenye mizani, naona, hutia jiwe. (Siku hizi ujanja umehamia upande wa pili wa mizani. Mnunuzi anakuja na lumbesa, gunia lililovikwa kilemba hadi limekuwa gunia moja na nusu, na anakuangalia usoni huku akilihesabu kuwa moja.)

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Kongo ya Mfalme Leopold, utomvu huohuo ulikusanywa kwa bunduki na mateka. Huku kwetu ulikusanywa zaidi kwa kodi. Vita vya Maji Maji vilipozuka Umatumbi mwaka 1905, maji yaliletwa Ungoni na Omari Kinjala, na tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa Songea. Kila Februari tunawakumbuka pale makumbusho. Sitaki kudai kwamba ile ilikuwa vita ya mpira, haikuwa. Nataka tu kuonyesha kalenda. Wakati huku watu wanakula mizizi ya porini katika njaa iliyofuata vita, kule Malaya miti ya mpira ilikuwa tayari imepita urefu wa nyumba.

Miti hiyo ilikuwa imetoka mbali. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alisafirisha mbegu zipatazo 70,000 za mti uitwao Hevea brasiliensis kutoka Amazoni hadi bustani ya Kew, London. Zilizoota zilikuwa chache, na miche yake ikapelekwa Ceylon, halafu Singapore na Malaya. Kwa karibu miaka 20 wenye mashamba hawakuijali; walikuwa na kahawa yao. Kahawa ilipowaharibikia na tairi zikaanza kutafuta utomvu, wakapanda kwa pupa. Lakini Hevea haukubali kuharakishwa. Kutoka mche hadi kugemwa ni miaka mitano hadi saba. Kwa hiyo kila mtu alipanda, kila mtu akasubiri, na katika kusubiri huko mpira ulikuwa haba na bei ikapaa: mwaka 1910 ilizidi shilingi 12 kwa ratili katika soko la London. Kisha miti ikakomaa, yote kwa pamoja. Kufikia 1913 mpira wa mashamba ya Asia ulikuwa unaupita ule wa porini wa Brazil, na bei ilikuwa haifiki hata theluthi ya ile ya 1910.

Namfikiria mtu wa kusini aliyeshuka pwani na mzigo wake mwaka huo. Mnunuzi anamwambia nusu ya bei, au chini ya hapo, au haununui kabisa. Angemwelezaje? Mpira ni uleule, mizani ni ileile, safari ni ndefu ileile. Bei iliyomwangusha ilikuwa imepandwa miaka saba kabla, katika nchi ambayo hajawahi kuisikia, na watu ambao nao hawajawahi kumsikia yeye.

Wazungu wa Tanga waliangushwa na kitu hichohicho. Zaidi ya Hevea, Wajerumani walikuwa wamechagua Manihot glaziovii, mti wa Ceará, sehemu kame ya Brazil, unaostahimili kiangazi kirefu. Waliupanda Muheza na kwingineko Usambara, na Morogoro. Wenye bahati waliuza mashamba yao kwa makampuni ya London mwaka 1910 bei ikiwa kileleni. Waliobaki wakaachiwa miti. Wengine wakaing'oa wakapanda mkonge. Wengine wakaiacha igeuke pori.

Sasa naomba msomaji aliangalie tena jina hilo la kitaalamu. Muhogo ni Manihot esculenta. Mti wa mpira wa Wajerumani ni ndugu wa damu wa muhogo, na majani yao yanafanana kama watoto wa baba mmoja. Waliokulia Tanga na Morogoro wameshajua ninakoelekea. Kwenye mpaka wa ekari ya bibi, upande wa kisima, ipo miti mitatu mirefu yenye majani ya muhogo ambayo hakuna aliyewahi kuchimba mizizi yake. Tunaiita mpira. Majani yake tunayatwanga.

Bibi anasimulia kwamba vijiti vya kwanza vililetwa na baba mkwe wake. Japani ilipoiteka Malaya na Singapore mwanzoni mwa 1942, Waingereza walipoteza mpira wao mwingi kwa miezi michache, na wakakumbuka kwamba Tanganyika ina miti ya zamani ya Wajerumani imesahauliwa porini. Wakaifufua. Wakakusanya watu kwa lazima kwenda kuigema, kama walivyowakusanya kwa mkonge na kwa mashamba ya chakula. Songea ilikuwa imeshazoea kutoa watu. Manamba wa Kingoni walikuwa wakienda Tanga tangu zamani kutafuta fedha za kodi na nguo. Babu huyo alipelekwa huko, akagema mpira wa vita ya watu wengine, na alipoachiwa alirudi na blanketi, sufuria na fungu la vijiti vilivyofungwa kwa majani ya mgomba. Bibi alipomuuliza miaka mingi baadaye kwa nini alibeba vijiti kutoka Tanga hadi Mpitimbi, alijibu kwamba huko kambini ndiyo mboga iliyowaweka hai.

Kisamvu cha mpira hutwangwa kwenye kinu hadi kiwe kama uji mzito, kikachemshwa sana, kikatiwa karanga. Pwani hutia nazi. Bibi anasema kinalainika kuliko cha muhogo, na kwamba faida yake kubwa ni kuwa mti haung'olewi: unachuma majani, unauacha, unarudi wiki ijayo. Mimi ladha naona ni ileile. Lakini kisamvu ni jambo ambalo mjukuu hamkatalii bibi yake.

Kuna jambo jingine kuhusu mti huu ambalo sikumweleza baba mdogo, kwa sababu halikuwa na nafasi katika mchanganuo, nalo linanifurahisha kuliko yote. Kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, kilikuwa kinahangaika miaka ya 1930 na magonjwa ya muhogo, batobato na michirizi ya kahawia. Mtaalamu H. H. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols walijaribu kuuzalisha muhogo na jamaa zake wa mwituni, na aliyewapa ukinzani waliouhitaji alikuwa huyuhuyu Manihot glaziovii, mti ambao soko lilikuwa limeutupa. Watoto wa ndoa hiyo walirudishwa kuzalishwa na muhogo mara kadhaa hadi mizizi ikawa minene tena. Baadhi ya mbegu za kazi ile zilifika Nigeria, zikawa msingi wa mihogo kinzani ya kituo cha Ibadan. Batobato kali ilipoifagia mihogo ya Uganda miaka ya 1990, aina zilizogawiwa kwa wakulima zilikuwa za ukoo huo. Namikonga, muhogo unaojulikana kwetu kusini kwa kuhimili michirizi ya kahawia, nao asili yake ni Amani. Mti uliopandwa kwa ajili ya tairi za Ulaya umelisha watu wengi kuliko tairi zote ulizowahi kutengeneza. Hakuna mtu aliyepanga hivyo.

Turudi kwenye mchanganuo.

Dunia hutumia mpira wa asili upatao tani milioni 14 hadi 15 kwa mwaka, na takriban asilimia 70 huishia kwenye tairi. Mpira wa viwandani, unaotengenezwa kwa mafuta ya petroli, haujaweza kuuondoa ule wa mti: tairi za ndege na za malori mazito bado zinauhitaji kwa wingi, kwa sababu haupati joto kali upesi wala haupasuki kirahisi kama wa mafuta. Kwa maneno mengine Fuso la baba mdogo na ndege inayotua Songea zinategemea mti uleule. Thailand peke yake hutoa karibu theluthi ya mpira wote. Na jambo lililomshangaza baba mdogo ni hili: zaidi ya asilimia 80 ya mpira wa asili hutoka kwa wakulima wadogo, watu wa ekari chache kama yeye, wanaoamka usiku wa manane na taa kichwani kwenda kugema, kwa kuwa utomvu hutiririka vizuri kabla jua halijatoka.

"Si ndiyo nilikwambia?" akasema. "Wadogo kama sisi."

Nikamwambia asubiri. Mwanzoni mwa 2011 kilo moja ya mpira iliuzwa kwa zaidi ya dola tano. China ilikuwa inanunua magari kama inanunua njugu. Katika miaka ile Vietnam, Laos, Kambodia, kusini mwa China na Ivory Coast watu walipanda mpira hadi kwenye miteremko ya milima. Hesabu miaka saba. Mwanzoni mwa 2016 kilo ilikuwa imeshuka chini ya dola moja na nusu. Tayari mwaka 2013 wakulima wa kusini mwa Thailand walikuwa wamefunga barabara na reli kudai serikali iwaongezee bei. Serikali hazikukaa kimya, wala si mara ya kwanza. Waingereza walijaribu kubana mauzo ya Malaya na Ceylon kuanzia 1922. Wakulima wadogo wa visiwa vya Wadachi wakapanda zaidi, na mwaka 1928 mpango ukaachwa. Baadaye likaundwa shirika la kimataifa la kununua mpira bei ikishuka na kuuza ikipanda, lilikufa 1999. Mwaka 2016 Thailand, Indonesia na Malaysia zilikubaliana kupunguza mauzo ya nje, bei ikanyanyua kichwa kidogo, ikalala tena.

Na baadaye? Bei ilipanda. Nilimwambia ukweli huo kwa sababu alistahili kuusikia. Miaka ya bei mbovu iliwafanya wakulima wa Indonesia wang'oe mpira wapande michikichi, na baadhi ya Wathai wahamie kwenye matunda ya durian. Ugonjwa wa kupukutisha majani ukaingia mashamba ya Indonesia. Miti mingi imezeeka bila kupandwa mingine. Mwaka 2024 bei ilifika mahali ambapo haikuwa imefika kwa zaidi ya miaka kumi. Kijana wa kishikwambi hakudanganya kuhusu bei. Alinyamazia kalenda. Atakayepanda leo atagema mwanzoni mwa miaka ya 2030, pamoja na wengine wote walioiona bei hiyohiyo wakafanya hesabu hiyohiyo, na pamoja na Ivory Coast, ambayo ndani ya miaka michache imevuka tani milioni moja kwa mwaka na kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani.

Hilo ni soko. Halafu kuna Mpitimbi yenyewe. Hevea unataka joto na mvua iliyosambaa mwaka mzima, milimita 1,800 na kuendelea. Kwetu mvua inaanza Novemba na kukoma Aprili, na Juni na Julai bibi halali bila jiko la mkaa mlangoni. Mti ungeishi labda, lakini kuishi si kutoa. Na hata ungetoa, utomvu ni kama maziwa: usipoushughulikia siku hiyohiyo unaganda na kunuka, kwa hiyo unahitaji mashine ya kuukamua na kuukausha hapo jirani, na mnunuzi wa karatasi zake.

Tanzania ilishajaribu kwa njia ya heshima. Ilipanda Hevea kwenye mashamba mawili, Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga katika bonde la Kilombero, mahali penye joto na mvua za kufaa, kwa lengo la kukilisha kiwanda cha General Tyre cha Arusha. Kiwanda kikasimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Miti ya Kihuhwi na Kalunga haikupata taarifa. Iliendelea kutoa utomvu. Kama mashamba yale, yaliyo karibu na bandari kuliko sisi, yalijikuta hayana kiwanda nyumbani, ekari moja iliyo zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam ingemuuzia nani?

Nilimtumia yote haya kwa ujumbe mrefu wa sauti, dakika 14. Alijibu kwa dakika moja.

"Nimekuelewa. Lakini nikuulize. Mahindi nimelima miaka 25. Bei yake naijua siku ninayouza. Tumbaku hivyohivyo. Wewe unaniambia mpira utashuka baada ya miaka saba. Mahindi yanashuka baada ya miezi saba. Ukisubiri uhakika, mwanangu, utakufa na jembe mkononi."

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kama lipo. Kumwambia mkulima asibahatishe ni kumwambia asilime. Mtu aliyepanda parachichi Njombe mapema, wakati majirani wakimcheka, leo ana nyumba ya vigae. Tofauti yake na anayepanda leo ni miaka tu, lakini miaka ndiyo kila kitu katika mazao ya miti: wa kwanza anauza uhaba, wa mwisho anauza wingi, na miche yao inafanana kabisa kitaluni.

Krismasi nilikwenda. Suala likawekwa mezani, yaani kwenye mkeka, mbele ya bibi, baba, mashangazi wawili na sahani ya wali uliobaki. Baba mdogo alieleza kwa heshima. Alitaja kwamba wenzetu wa Asia wana magari. Alitaja Ivory Coast, ambayo sasa alikuwa anaijua kwa takwimu zangu. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akauliza mti huo unaitwaje. Akaambiwa mpira.

"Mpira ninao mitatu," akasema. "Unataka kuing'oa ili upande nini?"

Tulicheka wote, baba mdogo pia. Halafu bibi akasema jambo ambalo hakulisema kwa mzaha: ekari ile haitaguswa akiwa hai, na ekari nne za mwanawe ni za mwanawe, apande hata misumari. Kikao kikaisha hapo. Shangazi mkubwa akauliza nani amemaliza chai.

Baba mdogo alimpigia kijana wa kishikwambi kesho yake, nikiwepo. Hakumgombeza. Alimwomba amwonyeshe mti mmoja tu unaogemwa hapa Ruvuma, na jina la atakayenunua utomvu. Kijana alisema angeuliza ofisini.

Katika zile ekari nne sasa kuna parachichi 30 pembeni, ambazo aliniarifu baada ya kuzipanda, na soya iliyoongezwa ikala nafasi ya mahindi. Soya yetu siku hizi inauzwa kwa stakabadhi ghalani: unapeleka ghala la chama cha msingi, unapewa karatasi, unasubiri mnada. China ilifungua mlango kwa soya ya Tanzania miaka michache iliyopita. Ulaya nayo ilipitisha sheria mwaka 2023 inayotaka soya, kahawa na mpira vithibitishwe kwamba havikutoka kwenye msitu uliokatwa karibuni, na ingawa utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, baba mdogo ameshajifunza kutembea kwenye mipaka ya shamba lake na simu mkononi akichukua alama za setilaiti. Analifanya kwa makini, kofia kichwani, kama mtu anayepima kiwanja cha ikulu.

Mnada wa kwanza wa msimu huu bei ilikuwa chini ya alivyotarajia. Hakuniomba mchanganuo. Alinipigia saa mbili usiku, akanisalimu, akauliza habari za kazi, kisha akauliza, kama anavyouliza mtu habari za jirani, kama najua wenzetu wa Brazil wamemaliza kuvuna, na kama mvua kwao imekuwa nzuri.